Mosfeti ya vepu ya kutengeneza mwenyewe: nimejaribu tatu, nimebaki na IRLB3034

Wadau, nimetengeneza boksi langu la vepu, yaani sigara ya umeme, mwenyewe hapa Malindi na nimejaribu mosfeti tatu ndani yake, betri ni zile zile, koili (waya unaopata moto ukatoa moshi) ni ile ile ya omu 0.5, kwa hivo haya nnayoandika nimeyapima kwa mita, si ya kuhadithiwa.

Kwanza kwa asojua mosfeti ya nini. Koili ya omu 0.5 na betri ikiwa imejaa, volti 4.2, inavuta ampea 8 na kitu. Kile kitufe kidogo cha kubonyeza uwezo wake ni kama miliampea 50, sasa ukikipitishia moto wote huo kitayeyuka mkononi. Mosfeti ni swichi ya kielektroniki, ndio hubeba mzigo, kitufe kazi yake ni kupeleka moto kidogo kwenye geti, ule mguu wake wa kuiwasha, basi.

Ya kwanza ilikuwa IRF540N. Nliichukua duka moja la spea hapa mjini, kijana wa pale akanambia kaka chukua hii, ampea 33 hii, haikusumbui. Ampea 33 ni kweli, lakini ni geti likipata volti 10! Betri zangu mbili nimezifunga sambamba, yaani volti ni za betri moja, na geti la hiyo 540 linaanza kuamka popote kati ya volti 2 na 4, kuamka tu, kufunguka bado. Nkabonyeza, koili vuguvugu, moshi hakuna, na mosfeti yenyewe ikawa moto haishikiki. Iliniuma kwa sababu nliuliza kabisa, nkamwambia ni ya volti 3.7. Tafadhalini mnaouza spea, mteja akiwatajia volti msimwangalizie ampea peke yake.

Ya pili IRLZ44N, angalia hiyo herufi L, ndio inayosema geti linatosheka na volti chache, usije ukapewa IRFZ44N ukaona ni mamoja. Hii ilifanya kazi. Moshi ulitoka vizuri tu, ila nlipopima kati ya dreini na sosi, ile miguu miwili inayopitisha mzigo, nkakuta inakula kama volti 0.2, na betri ikishuka inazidi kula, ukivuta mara nne tano mfululizo inapata joto. Kwa koili ya omu 1 na zaidi mie ningeiacha hapo hapo wala nisihangaike.

Sasa IRLB3034. Niliagizia Mombasa ikaja na matatu, bei ilikuwa juu kuliko zile mbili na sijutii hata shilingi. Datashiti, ile karatasi ya vipimo ya kiwanda, inasema kwa volti 4.5 ukinzani wake hauzidi miliomu 2, ile Z44 kwa volti 4 ni mpaka 35, hesabu mwenyewe tofauti. Nkapima, milivolti kumi na kitu tu ndio zinapotea. Koili inawaka pale pale unapobonyeza na mosfeti iko baridi, nimevuta jioni nzima iko baridi. Hii ndio ya kununua.

Lakini hata ukiwa nayo kuna mambo mawili yalinitoa jasho. Rezista ya kutoka geti kwenda sosi usiiache, mie nimeweka ya kilo-omu 15. Siku ya kwanza sikuiweka, nkaachia kitufe koili ikaendelea kuwaka, kwa sababu geti linabaki na chaji yake, nkachomoa betri mbio. La pili ni kile kibati cha mgongoni, kile ni dreini. Boksi langu ni la aluminiamu na limeunganishwa na hasi ya betri, kibati kikagusa ukuta wa boksi na koili ikawaka yenyewe liko mezani, hakuna aliyeligusa! Kivike mpira wa kubana kwa joto, ukizunguke chote.

Na mosfeti ikifa mara nyingi hufa ikiwa imefunguka, yaani koili itawaka tu hata hujabonyeza, kwa hivo weka fyuzi na swichi ya kuzima kabisa ukilitia mfukoni. Betri zisiwe zile za kutoa kwenye laptopu kuukuu, wala zile zilizoandikwa 9900mAh, hakuna betri ya saizi hii ya 18650 inayofika huko. Mie natumia Samsung 25R, ampea 20, na nikiziweka naangalia chanya na hasi mara mbili, maana zikiwa sambamba ukageuza moja tu umeshapiga shoti.

Huku kwetu kuna chumvi ya bahari pia, miguu ya ile Z44 niliyoiacha kibarazani ilishika kutu wiki chache tu. Hii 3034 nimeipaka vanishi kwenye lehemu zote, kusi yote imepita na nlipolifungua boksi juzi bado inang'aa.