Kivinjari kipi kwa simu yako: cha kwanza hadi cha kuepuka

Kivinjari hupakuliwa bure, lakini unakilipia kwa bando, kwa RAM na kwa usalama wa nywila zako. Tumevipanga hivi tukiwafikiria hasa wenye simu za Android za bei ya kawaida wanaonunua MB za siku au za wiki. Kinachomaliza bando kwenye tovuti za habari mara nyingi si habari yenyewe. Ni matangazo, video zinazojicheza na vipande vya programu vinavyomfuatilia msomaji.

Ndiyo maana Brave ndiyo ya kwanza. Inazuia matangazo na vifuatiliaji hivyo tangu unapoifungua, huna cha kupanga, na kwa kuwa imejengwa juu ya Chromium, msingi uleule wa Chrome, karibu kila tovuti inafunguka vizuri. Tovuti ikigoma, kwa mfano kitufe cha malipo hakibonyezeki, gusa alama ya simba kwenye upau wa anwani, uzime ngao (kizuizi chake cha matangazo) kwa tovuti hiyo tu, kisha upakie ukurasa upya.

Ya pili ni Firefox, na kwa mtu asiyechoka kupanga vitu inaweza kuwa ya kwanza. Bonyeza nukta tatu, ingia kwenye viendelezi, yaani programu ndogo za kuongeza kwenye kivinjari, weka uBlock Origin, kizuia matangazo. Chrome ya kwenye simu za Android haikubali viendelezi vya namna hiyo. Kasoro ya Firefox ni kwamba kwenye simu yenye RAM ya GB 2 huwa inasuasua vichupo (kurasa zilizofunguliwa pamoja) vikizidi.

Chrome tunaiweka ya tatu. Kwa benki na fomu za serikali ni tulivu, na huenda tayari imo kwenye simu yako, ila haizuii matangazo mengi. Wengi bado wanatafuta ile swichi ya kuokoa data; Google iliiondoa mwaka 2022. Unachoweza kufanya ni kuzima upakiaji wa kurasa mapema kwenye mipangilio, maana unavuta kurasa ambazo huenda usizifungue kabisa. Angalia pia umri wa simu: kuanzia toleo la 139, Chrome inataka Android 10 au zaidi. Simu ya Android 9 inabaki na toleo la zamani, bila marekebisho mapya ya usalama, na hapo usiweke nywila za benki.

Opera Mini ni ya nne, lakini bando likibaki MB 20 hakuna inayoifikia. Katika hali yake ya kubana kupita kiasi, seva (kompyuta) za Opera ndizo zinazofungua ukurasa, zinaupunguza, kisha zinakutumia kifurushi kidogo. Hapo ndipo penye ubora na hatari yake. Kwa kuwa ukurasa unafunguliwa kwenye seva, usimbaji, yaani ule ulinzi unaozuia wengine kusoma unachotuma, kati ya simu yako na tovuti unakatikia njiani. Pia menyu zinazotegemea simu kufanya kazi, au sehemu ya kupakia kiambatisho, zinaweza kukwama. Isomee habari na matokeo ya mechi. Ombi la mkopo wa masomo wa HESLB (Tanzania) au HELB (Kenya) lifanyie kwenye Chrome au Brave.

UC Browser tunasema iepuke. Mwaka 2015 watafiti wa Citizen Lab wa Kanada walionyesha kuwa ilikuwa ikivujisha taarifa za watumiaji, na India iliipiga marufuku mwaka 2020.

Wenye iPhone wana kazi ndogo. Nje ya Umoja wa Ulaya na Japani, vivinjari vyote vya iPhone hutumia injini moja ya kufungulia kurasa, WebKit, hivyo kubadilisha jina hakubadilishi sana kasi. Baki na Safari, pakua kizuia matangazo kutoka App Store, kisha kiwashe kwenye mipangilio ya Safari. Wengi husahau hatua hii ya mwisho, wakadhani hakifanyi kazi.

Ukishachagua kwenye Android, nenda Mipangilio, Programu, Programu chaguomsingi, ukiweke hapo. Usipofanya hivyo viungo vya WhatsApp vitaendelea kufunguka kwenye kile cha zamani. Baada ya wiki, fungua ukurasa wa programu hiyo kwenye Mipangilio uone MB ilizotumia, ulinganishe na za awali. Usihesabu video: hakuna kivinjari kitakachozipunguzia uzito kama kushusha ubora hadi 240p.

Na simu ikianza kumwaga arifa za "umeshinda" au "simu ina virusi", usikimbilie kufuta kivinjari. Kuna tovuti uliyoibonyezea Ruhusu. Kwenye Chrome ingia Mipangilio ya tovuti, Arifa, uizuie.