TAHADHARI: Fundi wa mashine za POS (za kurekodi mauzo dukani) mwenye shati la bluu, yuko Nakuru

Wenye maduka Kiamunyi, Free Area, Lanet, Njoro na kwingineko, someni hii kabla hamjatuma hata deposti. Nimeiandika na kuifuta mara tatu kwa aibu. Mama mzima, miaka kumi na moja nauza saruji na mabati, kontrakta atakayelipa na atakayetoroka nawajua kwa kuwatazama viatu tu, halafu kijana wa shati lililopigwa pasi akaniingiza boksi mchana kweupe, dukani mwangu, nikimpikia chai.

Daftari lilikuwa limenishinda, na msichana aliyenisaidia dukani hayupo tena. Nilitaka mashine itakayonionyesha kila jioni kilichotoka na kilichobaki. Shemeji akaleta namba. (Shemeji, najua unasoma. Tutaongea Jumapili.)

Na kabla hamjaniuliza nilimwamini vipi, ngojeni. Kwanza alikuja saa aliyosema. Saa tatu kasorobo, si saa sita ya "niko kwa njia mama". Niambieni fundi gani mwingine mjini hapa amewahi kuwafanyia hivyo. Pili, aliomba kabla ya kufungua boksi. Aliombea duka, akaombea hata kibarua wangu. Tatu, alikuwa na picha za maduka aliyofunga mashine, mojawapo likiwa duka la dawa lililo milango miwili kutoka kwangu. Nilitoka nikamuuliza mwenyewe, akanijibu "inafanya kazi". Huyo jirani nitamrudia.

Lakini kilichonimaliza ni swali. Aliniuliza kama misumari nauza kwa kilo au kwa pakiti, na kama waya naukata kwa mita. Akaeleza kwamba programu lazima ijue roli moja ina mita ngapi, la sivyo nikikata mita tano itaandika nimeuza roli tano na stoki yote inaharibika. Mtu anayekuuliza hivyo unaona amelala kwenye hadiwea. Waliomtangulia walikuja kuniuzia mashine ya supamaketi, yenye picha za maziwa na mkate.

Bei ikawa 86,000. Kompyuta ya skrini ya kugusa, printa ya risiti ya milimita 80, skana, droo ya pesa, programu yenye "leseni ya maisha", sapoti ya mwaka mzima bure, na ndani ya hesabu hiyo 12,000 za "kukusajili eTIMS", yaani mfumo wa ankara za kodi wa KRA, mamlaka ya mapato. Nikatuma 50,000 siku hiyo hiyo, kwa namba yake mwenyewe. Nilimuuliza mbona si till, ile namba ya malipo ya biashara, akasema till ya kampuni inabadilishwa jina na ingechukua wiki. Nikaona ni sawa. Nywila yangu ya iTax, akaunti yangu ya kodi mtandaoni, nikampa, na OTP (ile namba ya siri ya mara moja) ilipoingia kwa simu yangu nikamsomea tarakimu moja moja, kwa sauti, kama mtoto wa nasari.

Sasa ile Jumanne. Ameshamaliza kuunganisha nyaya, amefuta kaunta kwa kitambaa chake, ananiambia, "Mama, uza kitu." Nikachukua misumari ya inchi nne, kilo moja, 180. Nikagusa skrini. Printa ikalia ile sauti yake ya kukwaruza na risiti ikatoka ikiwa bado na joto. Jina la duka. PIN yangu ya kodi. VAT 24.83. Chini kabisa ule mraba wa QR. Akatoa simu mfukoni, akaielekeza, ukurasa ukafunguka: jina langu, PIN, shilingi 180. Akanigeuzia simu nione. "Mama, KRA wameshaiona hii."

Nilipiga makofi. Niliyapiga kweli, na kijana wangu wa mizigo akapiga pia, akiwa na brashi mkononi kwa sababu alikuwa anapaka mlango wa stoo, na tone la rangi nyekundu likaruka likatua ubavuni mwa printa, upande wa kushoto. Fundi akalisugua na tina, halikutoka lote. Likabaki doa kama punje ya maharagwe. Tukacheka. Nikamtumia 36,000 zilizobaki papo hapo, bila kungoja hata wiki moja ya kujaribu, maana mtu kashakufanya upige makofi utamdai vipi muda?

Simu ilikuwa yake. Hilo ndilo linaniamsha saa tisa usiku. Yangu ilikuwa kwenye kaunta, karibu na kikombe chake cha chai, na sikuinyanyua niskani mwenyewe.

Wiki mbili za kwanza alipokea simu. Kosa dogo likitokea anaingia akiwa mbali kupitia programu ya AnyDesk, namwona akisogeza mshale kwenye skrini yangu, mimi nashangaa teknolojia. Siku ya thelathini na moja, saa nne asubuhi, lori la saruji liko nje na watu wanne wanangoja risiti, skrini ikaandika kwa Kiingereza kwamba muda wa majaribio umekwisha. Bei zangu zote, stoki, madeni ya wateja, vyote mle ndani. Nikampigia. Akasema kwa upole kabisa kwamba ni "activation" tu, 15,000, na kwamba alikuwa amenieleza siku ile. Hakunieleza. Nikatuma. Sehemu ilikuwa ya Fuliza, mkopo wa M-Pesa, na hilo hata nyumbani sijasema, kwa hiyo mnajua kabla yao.

Ikafunguka siku tisa. Ikajifunga tena. Safari hii alikuja mwenyewe, akasema tatizo liko kwa printa, inatuma ujumbe mbaya kwa programu, akaibeba kwenye begi aende "kuiflashi". Sijaiona tena. Siku ya pili alama za bluu za WhatsApp zikaisha, siku ya tatu nikawa nimeblokiwa.

Hiyo ni hasara ya mashine. Iliyoniumiza zaidi ilikuja kwa mlango wa mbele. Kontrakta wangu, yule wa nyumba za kule juu, aliingia na risiti kumi na moja zimebanwa kwa klipu, jumla 412,000, akaziweka kaunta mbele ya wateja. Mhasibu wake ametafuta hizo ankara KRA na hakuna hata moja. Na kuanzia Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haihesabiwi kwenye kodi ya mapato, kwa hiyo kwake ni kama hakununua kitu, na VAT aliyonilipa hawezi kuidai. Alisema maneno ambayo sitayaandika. Hajarudi. Saruji sasa ananunua kwa mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, namwona.

Ilibidi nilete fundi mwingine, wa mjini, mtu wa makamo asiyeomba wala kuvaa shati la nembo. Alikaa dakika kumi. Programu ni ya majaribio ya siku thelathini, imepakuliwa hivi hivi, tarehe imesukumwa mbele mara moja (hizo ndizo elfu kumi na tano zangu). Risiti zilikuwa zinakwenda upande wa KRA wa majaribio, ule wa watengenezaji wa programu wa kupimia kazi zao. Ukiskani ukurasa unafunguka vizuri tu, ila kwenye anwani juu kuna herufi "sbx". Herufi tatu. Na nilipoenda KRA kuuliza kuhusu zile 12,000, dada wa dirishani akanitazama kwa huruma: eTIMS ya KRA hailipiwi hata ndururu, na wanaoruhusiwa kuunganisha programu zao nayo wako kwenye orodha tovutini kwao. Yeye hayuko.

Jirani wa dawa sasa. Nilimwendea jioni ile ile. Akainamisha kichwa. Mashine yake ilijifunga wiki mbili kabla mimi sijamuuliza! Alikuwa anaandikia kwenye daftari chini ya kaunta na kuiacha kompyuta iwake ili wateja waone. Aliona haya kuniambia. Nilimkasirikia sana, kisha nikakumbuka nimekaa na hii yangu miezi miwili.

Nimeandikisha polisi, namba ya OB ya kitabu chao ninayo. Shemeji ana wakili rafiki yake, ameniambia nisitaje jina hapa na niende Mahakama ya Madai Madogo, wanachukua kesi hadi shilingi milioni moja na sheria inawapa siku sitini kumaliza. Sawa. Lakini wito utampelekea wapi? "Ofisi" yake ya Kenyatta Avenue, ghorofa ya pili, nimepanda ngazi nikakuta kinyozi. Mimi nataka afungwe. Nataka asimamishwe mbele ya kila mwenye duka aliyemwibia, arudishe shilingi kwa shilingi, na lile shati avuliwe. Wanaofungwa ni wezi wa kuku, na huyu anayekukausha kwa tabasamu na maombi anaendelea kunywa chai za watu. Anayemjua kwao anipe tu jina la kijiji, mengine niachieni.

Mnaoniuliza dalili: pesa kwa namba ya mtu. Leseni isiyo na karatasi wala jina lako. Kukulipisha usajili wa eTIMS. Kutaka nywila. Na skani kwa simu YAKO, usome anwani. Zingine nitaongeza nikitulia, sasa hivi mkono unatetemeka.

Kilichonifanya niandike leo ni status ya huyo fundi. Mimi amenibloki ila shemeji hajamkumbuka. Saa mbili asubuhi ameweka picha, "Another happy client", yuko na mama mmoja mwenye kitambaa cha kijani kichwani, duka la chakula cha mifugo, magunia nyuma, wote wanacheka. Mama ameshika risiti juu. Printa iko katikati ya kaunta, na nimeikuza picha hadi ikapasuka. Ubavu wa kushoto, punje ya maharagwe, nyekundu.

Mama wa kitambaa cha kijani, kama haya yamekufikia, usitume iliyobaki. Hiyo printa ni yangu. Anayelitambua duka hilo anipigie hata usiku, namba yangu mnayo.