Picha ya Sebuleni: Chagua Ile Ambayo Ungekubali Kuhamia

Kochi utalibadilisha, pazia utazibadilisha, lakini picha uliyoitundika ukutani mara nyingi hubaki palepale mpaka watoto wanakua. Kwa hiyo kabla sijauliza bei husimama mbele ya picha na kujiuliza kama ningeweza kuishi humo. Ningepiga hodi wapi? Nani angeniitikia? Kivuli kiko upande gani, na maji yanachotwa wapi? Zipo picha nzuri sana ambazo hazina majibu hayo, na hizo huchosha mapema.

Kipimo hiki nilikipata kwa Sam Ntiro, mchoraji wa Kilimanjaro aliyezaliwa 1923, akasoma Makerere, kisha London katika shule ya sanaa ya Slade. Picha yake ya 1956 inaonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Iko MoMA, jumba la sanaa ya kisasa la New York. Watu wake ni wadogo, wamechorwa bila madoido, na karibu kila mmoja ana shughuli pamoja na wenzake. Ukiwatazama unahisi ungeweza kupokea mzigo mmoja na kuongozana nao. Kazi zake huwezi kuzikuta sokoni kwa bei yetu, lakini hisia hiyo ndiyo ninayoitafuta kwa kila ninachonunua.

Ninapoziweka picha zinazopatikana kwa mpangilio wangu, ya kwanza ni picha ya mtindo wa Tingatinga inayoonyesha maisha ya watu: soko, harusi, zahanati, mvua inanyesha na watu wanakimbilia baraza. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, aliyeuanzisha mtindo huo, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na aliuawa kwa risasi ya polisi 1972, akidhaniwa mhalifu. Alichora kwa miaka minne tu, hasa wanyama na ndege, kwa rangi za kung'aa za aina inayopakwa baiskeli, juu ya ubao wa dari. Waliomfuata ndio waliojaza picha umati wa watu. (Ukioneshwa barabarani picha yenye sahihi yake na ukaambiwa ni ya mkono wake, usitoe pesa.)

Nenda Oysterbay, kwenye chama cha ushirika cha wachoraji hao, ukae uwatazame wakipaka. Hapo ndipo ninapofanya jaribio ninaloliamini kuliko yote: onyesha kijitu kidogo pembeni mwa picha, mwulize mchoraji, "Huyu anakwenda wapi?" Aliyeufikiria mji wake atakujibu papo hapo. Anatoka kisimani, ana deni kwa yule muuza samaki, anamsubiri shemeji yake. Mchoraji mmoja aliwahi kunieleza ukoo wa watu saba waliokuwa kwenye picha isiyozidi upana wa sinia. Niliinunua. Anayekosa jibu huenda amenakili tu picha ya jirani, na hilo huonekana pia kwenye nyuso: zote zimefanana, zote zinatazama upande mmoja.

Ukishaipenda, ikague. Rangi hizi za mafuta huchelewa kukauka, hivyo gusa ukingo kwa ncha ya kidole. Ikinata, iache na uirudie baada ya siku kadhaa. Iliyokwisha wambwa kwenye fremu ilaze mezani uone kama kona zote nne zinakaa. Kama unasafiri nayo, omba ivuliwe fremu, uiviringishe upande wenye rangi ukiwa nje, mviringo mpana, wala usiikunje kamwe. Na patana bei kwa heshima: kazi ya siku kadhaa si kitu cha kukatwa nusu.

Ya pili ni Tingatinga ya wanyama, ile ya asili. Chui mmoja, ndege wawili, mti, na nyuma rangi moja iliyotulia. Ni dunia yenye nafasi, na chumba cha kulala huifurahia. Sikuipa nafasi ya kwanza kwa sababu humo mimi ningekuwa mgeni.

Ya tatu huenda ikakushangaza: nakala ya "Wavunaji" ya Pieter Bruegel, ya mwaka 1565. Picha yenyewe iko jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, ambalo limeiweka kwenye intaneti ichukuliwe bure kwa ukubwa mzuri, hivyo unalipia uchapishaji na fremu tu. Ni adhuhuri shambani. Wengine bado wanakata ngano, wengine wanakula chini ya mti, na mmoja amelala chali, amechoka kabisa. Ni Ulaya ya zamani, lakini mtu yeyote aliyewahi kulima anamfahamu yule aliyelala. Usiitundike inapopigwa na jua, kwani nakala zilizochapishwa hupauka.

Picha za Mji Mkongwe wa Zanzibar naziweka ya nne, na kwa uangalifu. Niliwahi kununua moja yenye mlango mzuri wa nakshi na kichochoro chenye mwanga wa asubuhi. Mama alipoiona aliitazama kitambo, kisha akauliza, "Sasa wenyewe wa mji huu wamekwenda wapi?" Tangu hapo sikuweza kuitazama bila kuuona ule ukimya. Ukiipata yenye wazee barazani na kahawa yao, ipandishe mpaka ya pili.

Mashetani ya mtindo wa George Lilanga nayapenda mno. Lilanga, Mmakonde aliyefariki 2005, aliwapa masikio makubwa, vicheko na vurugu za kila namna, na wao kwa wao wanaishi vizuri. Ila ni majirani wasiolala. Yatundike ukumbini au kwenye korido, mahali unapopita.

Mwisho kabisa ni machweo ya rangi ya chungwa yenye vivuli vyeusi vya Wamasai na twiga, pamoja na yale mabango ya maporomoko na milima ya theluji. Humo hakuna nyumba, hakuna njia, hakuna mtu mwenye sura. Bei yake ni ndogo, lakini pesa hiyo ningeiweka akiba mpaka itoshe Tingatinga ndogo.

Ukifika nayo nyumbani, itundike chini kidogo kuliko ulivyozoea, macho ya aliyeketi yaifikie, na kama uko pwani weka vipande vidogo vya mbao nyuma yake ili unyevu wa ukuta usiishike. Yangu ya watu saba iko mkabala na meza ya chakula. Karibu na muuza ndizi kuna kigoda kitupu, na mjukuu wa dada yangu ameshasema ni chake.