Kaseti ya Ngamiani ilivyowaka Portland: uzoefu wangu wa Portland Retro Gaming Expo

Jamani nimekuwa nikiulizwa sana na ndugu zangu wa nyumbani hilo onyesho la magemu ya zamani ninaloendaga kila mwaka likoje na kwanini mtu mzima anafunga safari kwa ajili ya gemu, sasa leo naandika yote. Mi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Oregon, Marekani, nakusanya mashine na kaseti za zamani, na Portland Retro Gaming Expo nimeshaenda mara kadhaa ila hii ya mwisho ndo sitaisahau.

Nianze na kaseti maana ndo iliyonipeleka. Miaka ya tisini mjomba alitutolea Dubai mashine ya kuigiza Famicom, ile mashine ya magemu ya Nintendo ya Kijapani, ikaja na kaseti moja ya njano imeandikwa 64 in 1, na pale Ngamiani, mtaa wetu wa Tanga, barabara ya nane watoto wote walikuwa wanajazana kwetu jioni, ukifa unampa mwenzio pedi, kaseti ikigoma unaipuliza unairudishia. Tulikuwa tunacheza kifaru (Battle City hiyo), Circus Charlie na ya magari, Road Fighter. Likizo iliyopita nimeikuta kabatini kwa mama, nikaivika soksi nikaja nayo Marekani.

Sasa shida ni kwamba haiingii kwenye Nintendo ya huku. Famicom ya Kijapani iliyotoka 1983 kaseti zake zina pini 60, ile waliyoileta Marekani 1985 kwa jina la NES ina pini 72, na zetu zote za nyumbani zilifuata ya Kijapani. Wakusanyaji wanajua kwamba baadhi ya kaseti za mwanzo za Gyromite, gemu la NES, ukizifungua ndani utakuta kiunganishi cha pini 60 kwenda 72 kimewekwa humohumo na kiwandani, lakini mi sikutaka kuharibu kaseti ya mtu ili niwashe ya kwangu, nikasema naenda nayo kwenye onyesho huko hakosekani mtu mwenye Famicom.

Kufika ni rahisi, onyesho liko Oregon Convention Center, treni ya MAX inakushusha hapohapo mlangoni. Chukua tiketi ya wikendi nzima, siku moja haitoshi kabisa. Ukiingia kuna eneo kubwa la mashine za kusimama na pinboli zote zimefunguliwa bure, huweki hata senti ukishalipa mlangoni, kijana wangu wa miaka 11 alipotelea huko saa mbili nzima. Afu kuna TV za chogo, na hapa naomba mnielewe, picha ya gemu hizi kwenye TV bapa siyo yenyewe kabisa. Mfano ile ya kupiga bata, Duck Hunt, kwenye TV bapa bunduki haifanyi kazi, kwa sababu ukivuta kifyatulio skrini inakuwa nyeusi kufumba na kufumbua, halafu pale alipo bata panatokea kiboksi cheupe, na bunduki ina jicho linalosubiri huo mwanga kwa wakati wake, TV bapa inachelewesha picha basi kila risasi inahesabiwa imekosa. Kijana alikuwa anadhani namdanganya, alipoua bata wa kwanza kwenye chogo akageuka kuniangalia hivi, nilifurahi sana.

Kwa upande wa manunuzi, Oregon haina kodi ya mauzo kwahiyo bei unayoambiwa mezani ndo unayolipa, hiyo kwa mkusanyaji ni kitu kikubwa. Ila nenda na ujuzi wako. Mi niliwahi kupigwa na muuzaji mmoja wa mtandaoni, dola 45 kwa kaseti bandia ya Pokémon Emerald, gemu la Game Boy Advance ile mashine ya mkononi ya Nintendo, na toka siku hiyo sinunui kaseti ya Game Boy Advance bila kuchungulia juu ya pini, pale kwenye ubao ile halisi ina neno Nintendo, na stika yake ukiielekeza kwenye mwanga unaona namba zimegandamizwa. Kwa za NES natembea na bisibisi ya milimita 3.8, naomba kwanza nifungue, na wauzaji wa maana pale hawachukii, wengine wanakuazima na taa kabisa. Asiyetaka ufungue, muache na kaseti yake.

Kitu kimoja ambacho nakikosa ni mashindano ya dunia ya Tetris, lile gemu la kupanga matofali yanayodondoka. Yalikuwa yanafanyika humohumo, na 2018 nilikuwepo fainali Joseph Saelee, mtoto wa miaka 16, alipomshinda Jonas Neubauer aliyekuwa bingwa mara saba, ukumbi mzima tulisimama. Jonas alifariki Januari 2021 na bado naumia nikikumbuka alivyompongeza yule dogo kwa moyo mweupe. Mwaka 2024 mashindano yakahamia Pasadena, California, na kwangu onyesho limepungua kidogo.

Turudi kwenye kaseti. Jumamosi mchana nikapata meza moja yule baba alikuwa na Famicom halisi ameibadili itoe picha kwa waya za AV, na TV ya chogo ndogo pembeni. Nikamtolea soksi yangu. Akaipokea kwa mikono miwili, akasafisha pini kwa spiriti, hakupuliza (msipulize jamani, mate yanaozesha pini), akachomeka, ikawaka. Muziki wa Circus Charlie ulipoanza nikashtuka maana ulikuwa unakimbia, nikadhani kaseti imeharibika, akanieleza kwamba TV za kwetu zilikuwa za mfumo wa PAL, picha 50 kwa sekunde, na hii ni 60, yaani utoto wangu wote niliusikia huo muziki ukiwa umepunguzwa mwendo na sikujua. Nilikaa kimya kidogo.

Kilichonishangaza zaidi ni Wamarekani waliosimama pale, watu wenye makabati yaliyojaa Zelda na Metroid, kifaru hawakijui kabisa, kwa sababu huku Marekani hakikuuzwa. Ila akatokea jamaa mmoja mzaliwa wa Urusi, akapiga kelele "Tanki!", kumbe wao walikuwa na Dendy, nayo ya kuigiza kama yetu, na kaseti za njano hivihivi. Tukashika pedi. Hakuna aliyemfundisha mwenzie kitu, yeye akaenda kushoto mi kulia, vifaru ishirini kila hatua, na yule tai wa kulindwa ambaye Ngamiani tulikuwa tunamwita kuku nilipomwambia alicheka mpaka akakosa risasi. Tulifika hatua ya kumi na moja, nikampa kijana wangu pedi nikasimama nyuma yao.

Nilinunua ile Famicom, sikuomba hata kupunguziwa. Mwakani narudi, na nimeshampigia mama simu aniangalizie kama pedi ya pili bado ipo kabatini.