Ukinunua mche wa zabibu Lubumbashi, tazama kovu kwanza

Miaka mitatu nilimwagilia mzabibu dume bila kujua. Mche nilinunua dola 15 kando ya barabara, na muuzaji akaniapia: "Mama, hii ni ya grefe, ya Afrika ya Kusini. Mwaka wa pili unakula." Grefe ni kupandikiza kijiti cha mti mmoja juu ya shina la mwingine. Ukapanda kichanja, ukafunika kamba ya nguo, na kila Oktoba ukatoa vijiua vya kijani vyenye harufu tamu, nami nikiita watoto waje kuona. Vijiua vikapukutika vyote. Hata punje moja hatukuonja.

Mwaka wa tatu nikainama, nikafukua udongo shinani. Palikuwa na kovu, na juu ya kovu kijiti kikavu cha urefu wa kidole. Mti wote niliokuwa nikiulea ulichipuka chini ya kovu.

Zabibu za mezani za Ulaya haziwezi kupambana na filoksera, kidudu cha mizizini kilichotoka Amerika na kuteketeza mashamba ya Ufaransa katika karne ya 19. Ndiyo maana hupandikizwa juu ya mizizi ya zabibu mwitu za Amerika, na kovu ni pale viwili hivyo vilipoungana. Kile cha juu kikifa, kwa kiu au kwa mchwa wetu hawa, shina la chini halina habari. Linachipua na kunenepa. Na mengi ya mashina hayo, kama Rupestris du Lot na Riparia Gloire, ni madume. Yanatoa maua, hayazai milele.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, pitisha kidole kutoka udongo wa sacheti kwenda juu. Utagusa uvimbe kama goti la kuku. Chipukizi litoke juu ya goti hilo, si ubavuni wala chini. Kama goti limefukiwa, mwambie muuzaji afukue mbele yako. Akianza kusema utaharibu mche, rudisha pesa mfukoni. Tazama na jani: la Rupestris ni dogo, linang'aa, limekaa kama figo, halina vidole. Mambo ya rangi na utamu sitayasema, hayo kila mtu anajua kuuliza.

Sasa aina za zabibu: ya kwanza kwangu ni Isabella, na sijifichi. Hii inaota kwa mizizi yake yenyewe, haidai grefe. Mbuzi akiitafuna hadi chini, kitakachorudi ni Isabella. Fimbo yenye unene wa penseli na macho matatu, yaani sehemu za kuchipua, ukiichomeka mwisho wa kiangazi na kuinywesha maji, inashika. Mvua zetu zinaleta ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu, nao hauisumbui kama unavyosumbua zile za Ulaya. Ganda lake ni gumu, nyama inateleza mdomoni, harufu inakaribia stroberi. Ufaransa waliikataza kwa sheria ya 1934, lakini wao walikuwa na mvinyo wa kulinda. Mimi nina watoto wa kulisha.

Ya pili ni Cardinal ya grefe. Punje kubwa nyekundu, na inaiva mapema, ila mvua ikiikuta imeiva inapasuka. Ya tatu Muscat de Hambourg, tamu kweli, lakini ubwiri unaipenda kuliko sisi. Ya mwisho ile isiyo na kokwa, Sultanina, ambayo wengi wanaiita Thompson Seedless. Macho yake ya chini kwenye fimbo hayazai. Ukipogoa fupi kama zile nyingine, utavuna majani. Umewahi kusikia muuzaji akikueleza hilo?

Vijiti vya bei ndogo visivyo na jina ni bahati nasibu. Kokwa za zabibu za dukani, usihangaike.

Ukichukua za Ulaya, hesabu na dawa: salfeti ya shaba na chokaa. Hapo ndipo moyo unaniuma. Malori ya shaba yanapita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, usiku na mchana, vumbi lake tunalifagia kwenye lupango, uani kwetu, halafu pakiti ndogo ya salfeti niliyonunua iliandikwa imetengenezwa Ulaya, na bei yake ni kama ya kito.

Na bei za miche zinatajwa kwa dola, chenji inarudi kwa faranga, kwa hesabu anayoijua muuzaji peke yake. Nilipokwenda kununua Cardinal mwezi uliopita, papa mmoja aliinua noti yangu juani, akaizungusha, akaona mpasuko pembeni usiofika hata ukucha. "Mama, hii haipiti." Mimi nami nikachukua mche wake, nikauinua juani, nikauzungusha. Goti lilikuwa limefukiwa. Nikamwambia, "Papa, na huu haupiti."