Vitabu vya kusikiliza kipindi hiki: kipi ununue kwanza, kipi uache

Kila kukitokea jambo kubwa duniani, iwe Papa kafariki, muvi imetoka au mtoto wa mfalme kagombana na ndugu zake, haipiti wiki utaona kitabu cha kusikiliza kinatangazwa kila kona na watu wanakimbilia kununua, halafu wengi wanaishia sura ya pili. Mara nyingi kinachowakwamisha ni sauti. Habari ndo inakufanya uanze ila anayekusomea ndo anakufanya umalize, na saa 15 na msomaji anayechosha hazivumiliki hata kama stori ni kali vipi. Kwa hiyo hapa nimepanga kwa vitu viwili, sauti kwanza, halafu kama kitabu kitabaki na maana hata habari zenyewe zikishapoa. Kwamba kimeuza sana, hilo sijalihesabu kabisa.

Kwanza hela. Audible ya Marekani, duka la mtandaoni la vitabu vya kusikiliza, uanachama wake wa Premium Plus ni dola 14.95 kwa mwezi na unapata krediti moja, krediti moja ni kitabu kimoja kiwe cha saa 5 au cha saa 26. Maana yake kitabu kifupi usikichukue kwa krediti kabla hujaangalia bei yake ya keshi, muda mwingine keshi ni chini, na krediti ziache kwa mizigo mirefu. Ukifuta uanachama krediti ambazo hujatumia zinapotea lakini vitabu ulivyokwisha chukua vinabaki vyako, hili watu wengi wanalijua wakiwa wameshachelewa. Libro.fm, duka lingine la aina hiyo, bei yao inakaribiana na hiyo, faida ni kwamba faili halijafungwa, unalihamishia kwenye simu yoyote na sehemu ya hela inaenda kwa duka la vitabu unalochagua mwenyewe. Kulipa unahitaji kadi inayokubali manunuzi ya nje, Kenya wana M-PESA GlobalPay ya Visa tangu 2022, kwingine kadi ya benki iliyofunguliwa kwa malipo ya mtandaoni inatosha.

Haya twende.

Namba moja ni Born a Crime, maisha ya mchekeshaji wa Afrika Kusini Trevor Noah, na sioni kinachoikaribia. Ni ya 2016, mtu atasema ya zamani hiyo, ila tangu Marekani na Afrika Kusini zianze kurushiana maneno 2025, Ramaphosa kuwekwa kitimoto White House mwezi wa tano na Makaburu kupokelewa Marekani kama wakimbizi, kila mtu mitandaoni ana maoni kuhusu ubaguzi wa kule na wachache sana wanajua ulikuwa unafanya kazi vipi ndani ya nyumba ya mtu. Noah kazaliwa 1984, mama Mxhosa, baba Mswisi, kipindi ambacho sheria bado inakataza mzungu na mweusi kulala pamoja, yaani mtoto mwenyewe ndo ushahidi wa kosa. Anasimulia mama yake alivyokuwa akimshika mkono barabarani na polisi wakitokea anamwachia kama vile hamjui. Hii stori ukiisoma kwenye karatasi inauma, ukiisikia kwa sauti yake mwenyewe ni kitu kingine kabisa.

Na hapo kwenye sauti ndo sababu ya kununua hiki kwa masikio. Noah anaingia Kixhosa, Kizulu, Kiafrikaans, anarudi Kiingereza, anamwigiza mama yake, anamwigiza bibi yake, kwenye karatasi yale maneno ungeyaruka tu lakini hapa unasikia mpaka zile sauti za ulimi za Kixhosa. Kuna sehemu vijana wa Kizulu nyuma yake wanapanga kumkaba, wanadhani haelewi, yeye anageuka na kuwajibu kwa Kizulu na mambo yanaisha kwa kucheka. Mtu yeyote wa huku aliyewahi kuokolewa na lugha, aliyefika sehemu ngeni akasalimia kwa lugha ya watu wa pale na milango ikafunguka, atakielewa kitabu hiki kuliko Mmarekani aliyekisoma mara tatu. 2018 kilimpa tuzo ya Audie, zile tuzo za vitabu vya kusikiliza, ya msomaji bora wa kiume, ilikuwa haki yake. Karibu saa 9 na haichoshi hata kidogo. Kimetengenezwa na Audible wenyewe kwa hiyo anzia huko.

Namba mbili, Afterlives ya Abdulrazak Gurnah. Najua wengi walinunua kitu chake wiki ile ya Nobel 2021 kwa furaha tu ya kuona mtoto wa Unguja kashinda, wakakiweka pembeni. Kirudieni jamani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha kwa yaliyofanywa wakati wa Maji Maji, akakutana na ukoo wa Chifu Songea Mbano ambaye Wajerumani walimnyonga 1906, na tangu hapo habari za mafuvu na mabaki yaliyopelekwa Ujerumani zimekuwa zikirudi kila mara. Sasa hicho kitabu kinakupeleka ndani ya zama zilezile za Mjerumani, kuna Hamza kijana anayejiunga mwenyewe na askari wa Mjerumani, kuna Afiya binti anayepigwa mpaka mkono unavunjwa kisa amejifunza kuandika. Hakuna hotuba. Watu wanaishi, wanaoa, wanafanya biashara mji wa pwani, vita inapita juu yao. Mwendo ni wa taratibu, ukizoea vitabu vya mapigano utaona kama hakiendi, ila kwa sikio mwendo ule ndo unafaa, ni mtu anakusimulia usiku barazani. Kitabu ni cha Kiingereza na maneno ya Kiswahili yamo ndani, kwa hiyo fungua sampo kwanza usikie majina yanavyotamkwa, kwa sisi hilo ni jambo kubwa, jina la Khalifa, mmoja wa wahusika, likitamkwa kizungu kwa saa kadhaa linakera. Riwaya nyingine ya Gurnah, Paradise, ina tafsiri ya Kiswahili inayoitwa Peponi, ya Ida Hadjivayanis, Mkuki na Nyota waliitoa 2022. Siku Peponi itasomwa kwa sauti na mtu wa visiwani nitainunua siku hiyohiyo bila kuuliza bei, na naamini siko peke yangu, maana watu wetu wanasikiliza simulizi YouTube usiku kucha, wasikilizaji wapo tele, kinachokosekana ni vitabu vyenyewe.

Namba tatu ni Careless People ya Sarah Wynn-Williams. Huyu dada wa New Zealand aliingia Facebook 2011 upande wa sera na mahusiano na serikali, akafukuzwa 2017, na Machi 2025 akatoa kitabu cha aliyoyaona kwa wakubwa wake. Meta, kampuni yenye Facebook, wakaenda kwa msuluhishi wakapata amri ya kumzuia asikitangaze, na bila shaka ndo kikauzika zaidi. Meta wanayakana anayosema, hilo uliweke kichwani ukiwa unasikiliza. Anasoma mwenyewe, sauti ya kawaida tu isiyo na maigizo, na inafaa sana kwa sababu mambo anayosimulia yenyewe yanatosha, sehemu ya Myanmar, kule chuki ilikosambazwa kupitia Facebook, ilinifanya nisimamishe kidogo. Kwa mtu wa Afrika Mashariki hii siyo stori ya mbali, waliokuwa wakichuja video za kutisha za Facebook walikuwa Nairobi, wakaenda mahakamani, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikasema Meta inaweza kushtakiwa Kenya.

Nne, Conclave ya Robert Harris. Ni riwaya ya 2016, muvi yake ikachukua Oscar ya uandishi Machi 2025, wiki chache baadaye Papa Francis akafariki, 21 Aprili, na dunia nzima ikawa inaangalia bomba la moshi mpaka Leo wa 14 alipochaguliwa tarehe 8 Mei. Makardinali 133 walipiga kura, na wa kwetu Rugambwa wa Tabora alikuwa ndani. Kama ulifuatilia zile siku mbili ukabaki na maswali, watu wanakula nini, wanalala wapi, wanaongea nini kwenye korido, kitabu hiki kinajibu vizuri kwa kuwa Harris ameifuata ile taratibu hatua kwa hatua, ingawa watu wake ni wa kubuni. Kuna kardinali Mnigeria anayeanza kwa kupewa nafasi kubwa, siendelei hapo. Siri za mwisho zisikufikie kabla, usisome maoni ya watu. Ni kifupi kiasi, kinakwenda wikiendi moja, hata kwa asiye Mkatoliki.

Project Hail Mary, riwaya ya anga za juu ya Andy Weir, naiweka ya tano na kuna watakaonigombeza kwa kuiweka chini. Ray Porter anasoma vizuri mno, 2022 ilichukua Audie ya kitabu cha sauti cha mwaka, na kuna kiumbe humo ndani anayeongea kwa muziki, kwenye sauti wameweka muziki wenyewe, kwa hiyo hapa masikio yanapata kitu ambacho macho hayapati. Kama unataka kuangalia ile muvi yake ya Ryan Gosling, sikiliza kwanza. Kilichoishusha ni fizikia, kuna mahesabu mengi na ukiwa kwenye foleni na makelele utapotea njia mara kadhaa kwenye zile saa 16.

Cobalt Red ya Siddharth Kara inafuata. Inahusu kobalti ya Kongo, Kolwezi na pembeni yake, watu wanaochimba kwa mikono vitu vinavyoishia kwenye betri ya simu unayosikilizia kitabu. Tangu waasi wa M23 waingie Goma Januari 2025 kila mtu anaongea madini ya Kongo na hiki ndo kinatajwa zaidi. Nakipendekeza, lakini kuna watafiti wa Kongo waliokilaumu kwamba kinawachora Wakongomani kama wahanga tu wasio na sauti, na ukisikiliza utaona lawama ile imetoka wapi. Halafu vita vya Goma vina mizizi mingine, kobalti iko kusini kule Katanga na Lualaba, mbali sana na Kivu, kwa hiyo usikinunue ukidhani kitakueleza M23. Kwa hilo tafuta Dancing in the Glory of Monsters ya Jason Stearns, hata kama ni ya kusoma kwa macho.

Za mastaa nitazipitia haraka. The Woman in Me ya Britney Spears ni saa 5 na nusu hivi, Britney anasoma utangulizi tu na kazi iliyobaki anaifanya Michelle Williams, na kaifanya kwa heshima sana, ile miaka 13 ya kuwa chini ya usimamizi wa baba yake, 2008 mpaka 2021, inasikika bila kupigiwa kelele. Ndo kitabu ninachompa mtu ambaye hajawahi kusikiliza kitabu maishani, ila nunua kwa keshi kama ni rahisi, usichome krediti. Spare ya Prince Harry anasoma mwenyewe, zaidi ya saa 15, na ni nzuri pale anapoongelea mama yake na Botswana, katikati jeshini panarefuka. Tangu mgogoro wa Sentebale, ile taasisi yake ya Lesotho aliyojiondoa Machi 2025, watu wamekirudia tena. Mimi ningesubiri punguzo.

Sasa vya kuacha. Elon Musk ya Walter Isaacson, zaidi ya saa 20, ilitoka Septemba 2023, yaani kabla ya yale yote ya serikali ya Trump 2025, mtu anainunua apate kuelewa habari za leo halafu anakuta haimo. American Prometheus, ile iliyozaa muvi ya Oppenheimer, siyo mbaya hata kidogo, ina Pulitzer, lakini ni saa 26 na majina ya wanasayansi yanapishana kama abiria wa Kariakoo, bora uisome kwenye karatasi uweze kurudi nyuma. Na tafadhali wazazi, Wicked ya Gregory Maguire siyo ya watoto. Muvi wanaimba Cynthia Erivo na Ariana Grande, binti yako anaipenda, sawa, ila riwaya ya 1995 ina mambo ya watu wazima kweli kweli, msiiwashe kwenye gari.

Kingine, muvi ikitoka kwenye kitabu cha zamani sana usitoe hela haraka. Frankenstein ya 1818, Wuthering Heights ya 1847, Odyssey ya Homer, Mchawi wa Oz wa 1900, vyote hivi muda wa hakimiliki umekwisha na viko bure LibriVox, vinasomwa na watu wa kujitolea. Ubora unapanda na kushuka, kitabu kimoja kinaweza kuwa na wasomaji tofauti kila sura, lakini mara nyingi kuna toleo zaidi ya moja, tafuta lile lililosomwa na mtu mmoja mwanzo mpaka mwisho. Walioko Ulaya na Marekani ya Kaskazini wana Libby, apu ya kuazima vitabu vya maktaba, kadi ya maktaba ya mji wako inakupa vingi vya hapo juu bure kabisa, foleni ya vitabu vinavyovuma inaweza kuwa ya wiki nyingi kwa hiyo jiandikishe mapema hata kabla muvi haijatoka.

Kuhusu bando, kitabu kilichorekodiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde kinakula kama MB 29 kwa saa, saa 15 ni zaidi ya MB 430. Apu nyingi zina chaguo la ubora wa chini, linakata matumizi mpaka karibu nusu na kwa sauti ya mtu mmoja anayesoma tofauti huisikii sana. Pakua ukiwa kwenye waifai, zima kupakua kwa data ya simu kwenye setingi, na sampo isikilize kwa spidi ya kawaida ukiwa sehemu ileile unapotarajia kusikiliza, kama ni kwenye daladala basi iwe kwenye daladala, kwa sababu kuna sauti za chini chini ambazo chumbani ni tamu na barabarani hazisikiki kabisa.