Uhai au afya ya mama: Tanzania na Kenya

Katika suala la kutoa mimba, Kifungu cha 230 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania humkinga daktari anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa uhai wa mama, ilhali Ibara ya 26(4) ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataja pia afya yake na kumwachia uamuzi mtaalamu wa afya aliyefunzwa. Mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi haina mjadala, kwani uhai wenyewe wa mama umo hatarini. Lakini mjamzito ambaye shinikizo la damu linapanda na figo zimeanza kushindwa, kabla kifafa cha mimba hakijamfika, anahitaji ulinzi mpana zaidi. Kwake naona kipimo cha Kenya ni cha haki zaidi, kwani hakimlazimu daktari kusubiri hatari ikomae, ingawa hata huko Kanuni ya Adhabu, inayofanya kutoa mimba kuwa kosa la jinai, bado inawatia wahudumu hofu.